UZI: "Mirror Image" (1960) – Millicent Barnes, begi lake, na mtu aliyemtangulia kila alikokwenda

Mkesha (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kipindi cha runinga nimekirudia sana, na kila nikikitazama upya nakuta kimebaki na kitu sijakichimba. Leo nimeamua kukianzishia uzi ili wenye macho makali kuliko yangu wachangie.

Kwa wasioufahamu, The Twilight Zone ni mfululizo wa Kimarekani ulioanza kurushwa na kituo cha CBS Oktoba 1959. Ulikwenda misimu mitano, jumla episodi 156, na kila episodi ni hadithi inayojitegemea. Mwasisi wake, ambaye pia aliandika nyingi kati ya hizo, ni Rod Serling. Ninayoileta hapa ni ya 21 katika msimu wa kwanza, ilirushwa tarehe 26 Februari 1960, imeandikwa na Serling mwenyewe na kuongozwa na John Brahm. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, haifiki nusu saa, na karibu yote inatokea kwenye ukumbi mmoja wa kusubiria abiria. Humo ndani hakuna damu, hakuna zimwi, hakuna mlango unaojifunga wenyewe.

Nitasimulia mpaka mwisho. Anayetaka kuitazama kwanza aishie hapa, kisha arudi.

Ni usiku wa mvua, mwezi wa Novemba, stendi ya basi ya Ithaca, mji mdogo katika jimbo la New York. Binti anaitwa Millicent Barnes, ana miaka 25, anasafiri kwenda kuanza kazi mpya. Anasubiri basi la Cortland na basi limechelewa. Anakwenda dirishani kumuuliza mzee wa tiketi litafika saa ngapi, na mzee anamjibu kwa ukali kwamba hii ni mara ya tatu anamuuliza swali hilohilo. Millicent anashangaa. Ndiyo kwanza anauliza.

Akiwa palepale anaona, kwenye mizigo iliyokwisha kupokelewa, begi linalofanana na lake kwa kila kitu. Anamwambia mzee. Mzee anasema ni la kwake. Anageuka kutazama benchi alikoliacha begi, halipo.

Anakwenda msalani kunawa mikono. Mama wa usafi anamwambia hii ni mara yake ya pili kuingia humo. Millicent anakana tena. Anapofungua mlango ili atoke, kioo cha msalani kinaushika ukumbi wa nje. Anatupia jicho kwenye kioo na anaona sura yake, kama anavyotarajia mtu yeyote, halafu nyuma ya sura yake, kule kwenye benchi, anajiona yeye amekaa. Nguo zilezile, nywele zilezile. Anatoka mbio. Benchi ni tupu, na begi limerudi mahali pake kama halijawahi kuguswa.

Naomba mtulie hapo kwenye kioo. Kioo hakijadanganya. Kimeonyesha kilichokuwapo, pande zote mbili za mlango. Brahm angeweza kumwekea Millicent kioo kinachoonyesha sura iliyoharibika, au sura inayocheka wakati yeye hacheki, kama wengi wanavyofanya. Ameacha kioo kifanye kazi yake ya kila siku, na hapo ndipo nywele zinaposimama.

Naendelea chini.

Mkesha

Basi. Anatokea kijana wa Binghamton, Paul Grinstead, mpole, mcheshi, naye anasubiri basi hilohilo. Millicent anamweleza yote. Paul anamtuliza: labda kuna mtu anakufanyia mzaha, labda kuna binti mnafanana. Basi linaingia. Wanatoka pamoja kwenda kupanda. Millicent anainua macho dirishani na anamwona yule wa pili ameshakaa kitini, ametulia, anamtazama. Anapiga ukelele, anarudi ndani mbio na kuzimia.

Basi linaondoka. Paul anabaki naye kusubiri la saa moja. Millicent anapozinduka anaanza kueleza alichokiwaza: upo ulimwengu mwingine sambamba na huu, kila mmoja wetu ana mwenzake kule, na mara chache sana dunia hizo hugusana, yule wa kule akavuka. Akishavuka hawezi kubaki ila amwondoe wa huku na kukaa nafasi yake. Paul anasikiliza kwa upole, na moyoni ameshaamua kwamba binti huyu akili zimeanza kumtoka. Anamwambia anampigia simu rafiki yake mwenye gari. Simu anayopiga ni ya polisi. Wanakuja askari wawili, wanamchukua.

Paul anabaki peke yake. Anakunywa maji kwenye bomba la ukumbini, anageuka, begi lake halipo. Kuna mtu anatoka mlangoni mbio. Anamfukuza barabarani kwenye giza, na anayemfukuza anapogeuka, uso ni wa Paul mwenyewe, uso umejaa furaha. Halafu anatoweka. Paul anabaki kuita, "Uko wapi?"

Sasa hoja yangu. Wengi hudhani kinachotisha humu ni kufanana. Mimi naona kufanana ni jambo jepesi, pacha wamejaa mitaani na hawamtishi mtu. Kinachotisha ni ushahidi. Kabla Millicent hajamwona yule wa pili kwa macho yake, ameshapewa habari zake na watu wawili wasiojuana naye na wasio na sababu ya kumdanganya. Mzee wa tiketi na mama wa usafi wote wanasema kweli tupu. Walimwona. Walizungumza naye. Kwao Millicent ni yule aliyekwisha kuja, na huyu aliyesimama mbele yao ndiye anayesumbua. Ukitaka kujua wewe ni nani mbele za watu, unategemea kumbukumbu zao, na hapa kumbukumbu zao zimeshachukuliwa na mwingine aliyetangulia dakika chache tu.

Nawasilisha hiyo kwanza. Karibuni.

Nyota_Jaa

Uzi mzito mkuu. Naweka kambi hapa.

Zamu ya Usiku

Mkuu Mkesha, umeeleza vizuri, ila mimi ni mtu wa hospitali na siwezi kupita bila kusema. Dalili za Millicent zinajulikana. Mwaka 1923 daktari wa Ufaransa, Joseph Capgras, na mwenzake Reboul-Lachaux, walieleza habari za mwanamke aliyeshikilia kwamba watu wake wa karibu wameondolewa na mahali pao pamewekwa watu wanaofanana nao. Ugonjwa huo mpaka leo unaitwa kwa jina la Capgras. Mgonjwa anaiona sura, anaitambua, lakini ile hisia ya "huyu ni wangu" haiji, na akili inatafuta maelezo: basi huyu ni wa bandia.

La pili linakaribia zaidi stendi yetu. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi, akiwemo Olaf Blanke, walichapisha katika jarida la Nature habari za binti wa miaka 22 aliyekuwa akichunguzwa ubongo kwa ajili ya kifafa. Kila walipopitisha umeme kidogo upande wa kushoto, pale sehemu ya panja inapokutana na sehemu ya juu ya ubongo, alihisi kuna mtu nyuma yake. Akilala, yule naye amelala. Akikaa na kukumbatia magoti, yule amekaa vilevile na amemkumbatia yeye, na hakupenda. Akapewa kadi asome kwa sauti. Akasema yule mtu anataka kuichukua kadi, hataki asome.

Hebu fikiria. Hakukuwa na mtu. Ulikuwa ni mwili wake mwenyewe, ubongo umekosea hesabu ya mahali ulipo, ukauhesabu mara mbili. Na mara tu ulipohesabiwa mara mbili, yule wa pili akawa na nia, na nia yenyewe ni kuchukua kitu. Serling aliandika begi lililochukuliwa miaka 46 kabla ya kadi ile.

Mkesha

@Zamu ya Usiku, kaka, ahsante sana. Hiyo ya kadi nitaibeba muda mrefu.

Lakini tazama jinsi Serling alivyoziba njia ya hospitali. Simulizi la mwanzo linatuambia wazi kwamba Millicent si mtu wa kuwazawaza wala wa kubeba hofu zisizo na msingi, ni binti mwenye kichwa kilichotulia. Halafu begi. Ugonjwa unaweza kumfanya aone mtu kwenye benchi. Hauwezi kumfanya mzee wa tiketi akumbuke maswali mawili ambayo Millicent hakuuliza. Na mwisho kabisa kamera inatuonyesha Paul wa pili wakati Millicent ameshaondolewa, hayupo hata wa kutuambukiza mawazo yake. Angetaka tubaki na shaka ya ugonjwa angeishia kwenye gari la polisi. Hakuishia hapo.

Mwana wa Pangani

Assalaam alaykum wote.

Nimesoma na nikamkumbuka babu yangu aliyekuwa akitusomesha chuoni. Sisi watu wa pwani habari ya mwenza hatukuisikia kwenye runinga. Kila binadamu ana karini wake katika majini, amezaliwa naye, anatembea naye. Katika Surat Qaf karini anasimama Siku ya Hukumu na kusema: Mola wetu, mimi sikumpoteza, bali yeye mwenyewe alikuwa katika upotevu wa mbali. Yaani mwenza anamshuhudia mwenziwe na anajitoa.

Tofauti ninayoiona ni kwamba karini hatafuti nafasi yako. Kazi yake ni kukushawishi, wewe ubaki wewe na uvune ulichopanda. Yule wa Ithaca hasemi neno na Millicent. Hamshawishi chochote. Anataka kiti chake tu ndani ya basi. Hilo kwangu ni baya zaidi, maana mshawishi unaweza kumkatalia.

Nyamagana Juu

Kanda ya Ziwa tuna mengine. Habari za msukule kila mtu hapa amezikuta. Mtu anakufa, anazikwa, watu wanalia matanga yanaisha, halafu inasemekana kilichozikwa ni mgomba na mwenyewe yuko hai, amefichwa, analimishwa usiku. Huo nao ni ubadilishaji: kimewekwa kitu chenye sura yako, watu wote wamekikubali, na wewe uko mahali unaita hakuna anayekusikia.

Mkesha

@Mwana wa Pangani na @Nyamagana Juu, mmenipeleka nilikotaka kufika.

Msukule ni mfano wa karibu sana, lakini angalieni upande wa majirani. Kwenye msukule hadithi inaaminika na kijiji. Mama akisema "mwanangu hakufa, amechukuliwa", atapata wa kukaa naye, atapata mganga, atapata shangazi wa kumwambia hata sisi tulimwona. Anaweza kukosea, lakini hayuko peke yake. Kuna lugha iliyoandaliwa tayari ya kulisema jambo lake.

Millicent hana. Yuko Marekani ya 1960, kwenye stendi yenye mataa, saa ukutani na mashine ya maji. Analazimika kuitunga nadharia yake mwenyewe pale benchini, kutoka kwenye vitu alivyowahi kusoma au kusikia. Na ile hotuba yake ya ulimwengu sambamba, nasema bila kuficha, ndiyo sehemu dhaifu ya episodi. Ni ndefu, inaeleza mno, na hofu iliyojengwa kwa begi na kioo inashuka. Serling alikuwa na tabia hiyo, akipenda wazo hakuliacha lijitembelee. Ila naona alijua, kwa sababu kwenye simulizi la kufunga anaikana nadharia hiyo kabisa. Anasema hizo ni sababu zilizookotwa gizani ili kueleza kisichoelezeka, uziite ulimwengu sambamba au wazimu tu. Mwandishi mwenyewe hakubali kumsimamia Millicent. Hata yeye.

Dada wa Faili

Nimekuwa nikisoma kimya, sasa nimeshindwa.

Hii ya mzee wa tiketi imenipata. Nilikwenda kwenye ofisi moja kuchukua karatasi zangu, ofisi siitaji. Nimepanga foleni tangu asubuhi. Nafika dirishani, kijana anatazama daftari, anatazama kitambulisho changu, ananiambia: dada, wewe umeshachukua. Namwambia sijachukua. Anageuza daftari upande wangu. Jina langu lote matatu. Namba yangu. Na sahihi. Ile sahihi haikuwa mbali na yangu, herufi ya kwanza imekunjwa vilevile ninavyokunja mimi.

Kilichonitisha si karatasi kupotea. Nilianza kujiuliza kama kweli nilikuja nikasahau. Nilisimama pale nikitafuta kichwani siku ambayo sikuwahi kuishi. Na nyuma yangu foleni imeanza kuguna, yule kijana ameshanihesabu kuwa mkorofi. Kadiri nilivyosisitiza ndivyo nilivyozidi kuonekana tapeli. Yule aliyesaini alikuwa mtulivu, alisaini, akaondoka. Mimi mwenye jina ndiye niliyekuwa natetemeka.

Millicent vilevile. Yule wa pili ametulia wakati wote. Huyu wa kweli ndiye anayepiga kelele, ndiye anayezimia. Ukiwaweka wawili hao mbele ya askari, askari atamchukua nani?

Mkesha

@Dada wa Faili, pole sana dada yangu. Na umelisema jambo kuliko nilivyolisema mimi.

Naomba nikae hapo kwenye askari, kwa sababu kwangu ndiyo sehemu ya kikatili kuliko zote. Paul si mtu mbaya. Serling amempa ubinadamu wote: ameacha basi lake kwa ajili ya mgeni, amebaki usiku wa mvua, amemsikiliza mpaka mwisho. Angekuwa katili tungemchukia na tukapata nafuu. Anamkabidhi Millicent kwa polisi kwa huruma, na uongo anaomwambia kuhusu rafiki mwenye gari ni uongo wa mtu anayembembeleza mgonjwa.

Sasa pima kilichotokea. Kama nadharia ya Millicent ni kweli, yule wa pili anahitaji jambo moja tu, Millicent aondolewe. Hakumgusa. Hakumdhuru. Alijionyesha mara chache tu, na kazi ya kumwondoa ikafanywa na mtu mwema, kwa simu ya ukumbini. Paul ndiye aliyekamilisha ubadilishaji. Ndiyo maana zamu yake inakuja mara moja, hata maji hayajashuka vizuri kooni.

Zamu ya Usiku

Hapo mkuu umenigusa kwa kazi yangu. Ni kweli kwamba tukishaandika kwenye faili kuwa mtu haaminiki, kila anachosema baada ya hapo kinasomwa kwa miwani hiyo. Akitulia, dawa zimemwingia. Akisisitiza, ugonjwa umezidi. Hilo halinifanyi niache tiba, wapo wanaoteseka kweli na wanaopona kweli. Lakini naongeza kwenye hoja yako: Paul hakufanya jambo moja rahisi, kurudi dirishani kumuuliza mzee, huyo aliyekuuliza mara mbili za mwanzo alikuwa amevaa nini, alitokea upande gani, alikaa wapi.

Mkesha

Sawasawa kabisa. Ushahidi ulikuwapo ukumbini. Hakuna aliyeukusanya.

Filamu za Zamani

Wakuu, niongeze ya nyuma ya pazia kidogo, maana waigizaji wa humu wana historia inayoshangaza.

Vera Miles, aliyeigiza Millicent, ndiye aliyekuwa ameteuliwa na mwongozaji Alfred Hitchcock kwa filamu ya Vertigo, hadithi ya mwanamke mmoja anayeonekana kuwa wawili. Akapata ujauzito, nafasi ikaenda kwa Kim Novak, filamu ikatoka 1958. Yaani alikuwa aigize mtu mwenye sura mbili, akaja mwingine akakaa kwenye kiti chake. Miaka miwili baadaye anakuja kuigiza Millicent. Na 1960 hiyohiyo, miezi michache tu baada ya episodi hii, akaonekana kwenye Psycho, filamu nyingine ya Hitchcock. Kuna mahali humo anaingia chumba cha mama Bates, anageuka na kushtuka vibaya kwa sababu kuna mtu nyuma yake. Ni yeye mwenyewe, vioo viwili vimetazamana.

Martin Milner aliyeigiza Paul, anayempigia simu polisi, baadaye akaja kuwa maarufu kwa kuigiza polisi wa doria kwenye mfululizo wa runinga Adam-12, tangu 1968.

John Brahm alikuwa Mjerumani, alizaliwa Hamburg, akaikimbia Ujerumani ya Hitler. Filamu zake za miaka ya 1940 kama The Lodger zimejaa ukungu, taa hafifu na watu ambao huwezi kuwajua kwa sura. Ukitazama stendi ya Ithaca kwa kujua hilo, vile vivuli vinaeleweka.

Mkesha

@Filamu za Zamani, umefanya kazi kubwa, ahsante.

Na Serling mwenyewe. Alizaliwa Syracuse 1924, akakulia Binghamton. Tazameni ramani ya episodi: Ithaca, Cortland, Tully, Syracuse, Binghamton. Hiyo ni nyumbani kwake. Likizo zake alizitumia kando ya Ziwa Cayuga, na baadaye akafundisha Chuo cha Ithaca mpaka alipofariki 1975. Kijana Paul anatoka Binghamton, kama yeye. Angeweza kuiweka hadithi hii mji wowote wa mbali na wenye kutisha. Aliiweka kwenye njia anazozijua kwa miguu, na kijana wa mji wake ndiye anayebaki barabarani akijitafuta.

Chanzo chenyewe pia ni chake. Alieleza kwamba aliwahi kuwa uwanja wa ndege akamwona mtu kwa nyuma, umbo lake, koti kama lake, begi kama lake. Akawaza, itakuwaje akigeuka na kuwa mimi? Yule mtu akageuka, alikuwa mtu mwingine kabisa, kijana zaidi. Mambo yakaishia hapo uwanjani, ila kichwani yakaendelea.

Inanikumbusha Sigmund Freud, yule mwasisi wa uchambuzi wa nafsi. Mwaka 1919 aliandika insha ndefu kuhusu hofu ya aina hii, hofu inayotoka kwenye kitu unachokifahamu tangu zamani. Kwenye tanbihi moja anasimulia kisa chake: yuko ndani ya treni, kwenye chumba chake cha kulala, treni ikayumba kwa nguvu, mlango wa choo cha kunawia ukafunguka, na mzee mmoja mwenye kanzu ya kulalia na kofia ya safari akaingia. Freud akainuka amwambie kwamba amekosea chumba. Mara akagundua ni sura yake kwenye kioo cha mlango. Na anakiri kwamba sura ile ilimchukiza sana.

Kilichonivutia ni kwamba wote watatu wako safarini. Freud kwenye treni, Serling uwanja wa ndege, Millicent stendi. Nyumbani una watu wanaokuita jina lako kutwa nzima. Stendi hakuna. Stendi una tiketi na begi, na mtu mwenye tiketi na begi kama vyako ana haki sawasawa na yako ya kuwa wewe.

Nyota_Jaa

Mkuu naomba kuuliza, ni kweli kwamba Jordan Peele, yule mwongozaji filamu wa Marekani, alichukua wazo humu?

Filamu za Zamani

Ndiyo. Filamu yake Us ya 2019, ile ya familia inayovamiwa na watu wanaofanana nao, amesema mwenyewe kwamba mbegu yake ni "Mirror Image". Na mwaka huohuo akawa msimulizi wa The Twilight Zone mpya. Ila yeye aliwapa wale wa pili historia na malalamiko, wana sababu ya kuja. Serling hakuwapa chochote.

Mwana wa Pangani

Na ile furaha ya Paul wa pili mnaielezaje? Millicent wa pili ametulia, lakini yule wa Paul anakimbia huku uso unang'aa. Kwa nini?

Mkesha

Nimelifikiria sana hilo. Naona ni furaha ya mtu aliyefika. Kama kule anakotoka yupo na hana nafasi, basi barabara yenye mvua, koti, begi lenye nguo chache, vyote kwake ni zawadi. Paul wa huku anavibeba bila kuviona. Hilo linanifanya nisiweze kumchukia yule wa pili hata nikitaka, na kutomchukia kunazidi kunisumbua.

Dada wa Faili

Swali la mwisho kutoka kwangu, halafu nikalale. Lile basi la kwanza liliondoka, na yule wa pili alikuwa ndani. Alifika?

Mkesha

Episodi haisemi, dada. Basi linaondoka na hatulioni tena. Lakini rudi kwenye jambo tuliloambiwa mapema, Millicent alikuwa anakwenda kuanza kazi mpya. Ameshaacha ile ya zamani. Anakokwenda hakuna aliyezoea sura yake, sauti yake wala mwandiko wake. Wanamsubiri binti wa miaka 25 anayeitwa Millicent Barnes, na asubuhi atashuka binti wa miaka 25 atakayesema anaitwa Millicent Barnes, mtulivu, nguo safi. Wakisikia baadaye kwamba Ithaca kuna mwanamke mikononi mwa polisi anayedai jina hilohilo, tayari watakuwa na wa kwao ofisini, na watamhurumia yule mgonjwa.